Majuto ni Mjukuu: Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi ya Distopia Kuhusu Uhandisi Jeni

Wahenga waliposema majuto ni mjukuu walisema kwa fumbo. Anayeandika kuhusu kubadilisha jeni za binadamu, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, anaweza kuichukua methali hiyo kama ilivyo, neno kwa neno. Badiliko likifanywa kwenye kiinitete, yaani mimba changa kabisa, katika siku zake za mwanzo, linaweza kuingia katika kila seli ya mtoto, zikiwemo seli zitakazotoa mayai au mbegu zake za uzazi. Bibi anaamua, mjukuu analipa. Na siku fomu iliposainiwa, huyo mjukuu hakuwepo wa kuulizwa.

Uzito wote wa hadithi za distopia za aina hii, yaani za dunia ya kubuni ambamo maisha yameharibika, uko hapo, na waandishi wengi chipukizi hupita kando yake. Huanza na mwanasayansi kichaa, maabara yenye mwanga wa kijani na kiumbe anayevunja kioo. Msomaji anaogopa kurasa tatu, kisha anafunga kitabu akiwa salama, maana yeye si kichaa na hamjui kichaa yeyote mwenye maabara. Hadithi itakayomnyima usingizi ni ile ambayo akiwa mkweli anakiri kwamba ile fomu hata yeye angeisaini.

Mwongozo huu utajenga mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: dunia ambamo watu wameondolewa maumivu. Badilisha mfano upendavyo. Mpangilio wa hatua usiubadilishe, kwa sababu kila moja inaegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Tafuta ombi ambalo huwezi kulikataa

Kabla hujafikiria serikali katili au majengo marefu ya kioo, andika sentensi moja: nani anaomba nini, na kwa nini hakuna mwenye moyo angemkatalia. Katika mfano wetu, daktari mmoja alimuuguza mwanawe wa kwanza aliyekuwa na saratani ya mifupa. Dawa za kutuliza zilifika mahali zikashindwa. Mtoto alikufa akilia. Baada ya mazishi daktari akaapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayelia hivyo, kuanzia na yule aliyekuwa anapanga kumzaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nani atasimama mbele ya mama huyo amwambie aache?

Lijaribu ombi lako hivi: msimulie mtu unayemheshimu bila kumwambia kwamba ni la hadithi. Akisema hata yeye angetaka hivyo, umelipata. Akikunja uso, bado unaandika ombi la adui. Wanajeshi wasiochoka na watumwa wasiouliza wanaweza kujitokeza baadaye, wakizaliwa na lile ombi jema, lakini wasitangulie.

Hatua ya 2: Isome jeni yako mpaka ikutajie bei

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Wengi huiogopa biolojia, wakaibuni kutoka kichwani, na hapo hupoteza utajiri ambao wangepewa bure.

Tuchukue maumivu. Ipo jeni iitwayo SCN9A. Hutoa maelekezo ya kutengeneza mlango mdogo kwenye seli za neva, mlango unaopitisha sodiamu na kuiwezesha ishara ya maumivu kusafiri. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia za kaskazini mwa Pakistan zenye watoto waliozaliwa jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi. Watoto hao hawakuwahi kuhisi maumivu. Walikuwa wamejing'ata ndimi na midomo, na baadhi yao walivunjika mifupa pasipo kujua. Mvulana aliyewafanya watafiti waanze kuchunguza alikuwa akifanya maonyesho mtaani: anajipitisha visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa.

Bei ya kwanza umeshaiona. Ya pili imejificha zaidi: watu waliozaliwa bila mlango huo hawanusi pia, kwa kuwa neva za pua zinautumia huohuo. Sasa tandaza jambo hilo juu ya nchi nzima. Hakuna anayenusa moshi. Hakuna anayejua kwamba maziwa yamechacha mpaka ayaonje. Hakuna mama anayeinama kwenye utosi wa mtoto mchanga akavuta pumzi. Ningekaa mwaka mzima nikibuni hasara za kuondoa maumivu, nisingeifikia hiyo ya utosi.

Bei ya tatu iko kwenye urithi, na hiyo ndiyo inayokupa msuko. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba. Maumivu hupotea pale tu nakala zote mbili zinapokuwa mbovu. Anayebaki na moja nzima huhisi kama kawaida. Kwa hiyo aliyebadilishwa akizaa na mwenzake aliyebadilishwa, mtoto hatahisi. Akizaa na mtu mwenye nakala zote mbili nzima, mtoto atahisi. Tulia hapo uone ulichopewa. Katika nchi ambamo kila raia sharti awe amebadilishwa, mtoto anayelia baada ya kuungua ni ushahidi unaotembea kwamba mmoja wa wazazi wake ana cheti cha kughushi. Kanuni ya urithi imekuandikia kisa.

Jeni yoyote utakayochagua itakupa kitu cha namna hiyo ukiipa muda. Jeni ya sikoseli ni mfano unaojulikana: nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali, nakala mbili humletea ugonjwa. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani walitengeneza panya waliojifunza na kukumbuka vizuri kuliko panya wengine. Baadaye ikaonekana kwamba panya walewale huteseka zaidi kwa maumivu ya muda mrefu. Katika miaka ya 1980 nguruwe waliingizwa jeni ya homoni ya ukuaji. Wakawa na mafuta machache, sawa na matarajio, lakini pia wakapata ugonjwa wa viungo na vidonda vya tumbo.

Jihadhari na kitu kimoja. Usiandike "jeni ya akili" wala "jeni ya urefu" kana kwamba ni swichi ya taa. Urefu wa mtu peke yake unaguswa na maelfu ya sehemu za jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi ya mtu, kila moja ikichangia kidogo sana. Hadithi yako ikihitaji watoto werevu, basi wanasayansi wako wameingiza mkono mahali pengi, na kila mahali pana deni lake.

Kwa vitendo: chukua karatasi, uigawe safu tatu. Ya kwanza, jeni hii inafanya kazi gani nyingine mwilini. Ya pili, inarithiwaje. Ya tatu, nani tayari anaishi bila hiyo, na maisha yake yakoje. Usiondoke kwenye safu ya tatu upesi. Hao ni watu halisi wenye familia na kazi, na hadithi yako itawagusa kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 3: Kipe kiburi sura ya upole

Kiburi cha kisayansi kikipiga kelele jukwaani, msomaji anakitambua na kukikataa. Kinachoponza watu ni kile kinachozungumza taratibu.

Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wasichana ambao jeni zao alizibadilisha wakiwa bado viinitete, kwa kutumia CRISPR, mbinu ya kukata na kubadilisha DNA, kemikali inayobeba jeni. Alilenga jeni ya CCR5 ili wasiweze kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Baba yao alikuwa navyo. Ukisikia hivyo tu unaona huruma. Lakini njia salama za kumwezesha baba huyo kupata watoto wasio na virusi zilikuwepo tayari, na mabadiliko yaliyopatikana kwa watoto hayakuwa sawa na lile badiliko la asili linalojulikana kumkinga mtu. Mbele ya wanasayansi wenzake huko Hong Kong alisema anajivunia kazi ile. Desemba 2019 mahakama ya China ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Mwandishi asome kisa hicho polepole, aangalie mahali ambapo hamu ya kusaidia inageuka kuwa haki ya kutoulizwa.

Kisha kiweke kando ya kisa kingine. Februari 1975, huko Asilomar, California, wanasayansi walikutana kujadili hatari za kuunganisha DNA za viumbe tofauti, baada ya baadhi yao kusitisha majaribio yao wenyewe kwa hiari. Hadithi yako inahitaji mtu wa Asilomar, mmoja anayesema tusimame kwanza. Usimfanye mwoga wala mtakatifu. Mpe hoja nzito, na anayempinga mpe nzito vilevile. Mmoja atasema haraka haraka haina baraka, mwingine atamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, tena atamtajia majina ya watoto waliokufa wiki ile wakisubiri. Wote wawili wakiwa na haki, ukurasa unawaka.

Baada ya hapo chora mnyororo wa idhini. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton aliunda neno eugenics, yaani elimu ya kuboresha kizazi cha binadamu. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu watu kufungwa kizazi kwa nguvu, na katika karne ya 20 zaidi ya watu 60,000 nchini humo walifanyiwa hivyo. Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 1933. Waliofungwa kizazi chini yake wanakadiriwa kuwa 400,000. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari waliosoma, majaji, wauguzi na makarani wa usajili, watu waliorudi nyumbani jioni wakala na watoto wao.

Orodhesha basi mikono saba iliyopitisha badiliko katika hadithi yako: mtafiti, mkuu wa taasisi, mjumbe wa kamati ya maadili aliyekuwa na haraka siku hiyo, mwekezaji, waziri, mwanahabari, mzazi. Kwa kila mmoja andika mistari miwili. Alikuwa na sababu gani njema? Alinyamazia nini? Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayokuwa sura za kitabu chako.

Hatua ya 4: Hesabu miaka

Panya hubeba mimba wiki tatu, hivyo mtafiti anaweza kuona vizazi kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Binadamu huhitaji miaka 20 au zaidi kwa kila kizazi. Maana yake ni kwamba jaribio la kweli la badiliko linalorithiwa humalizika mvumbuzi akiwa mzee au amekufa.

Chora mstari wa miaka 60. Weka kiinitete cha kwanza, siku mtoto wa kwanza alipoonyeshwa kwa umma, sheria ya lazima, mazishi ya mwanzilishi au kustaafu kwake, na kuzaliwa kwa mjukuu. Sheria ya lazima iweke mapema, kabla mtu yeyote hajajua wajukuu watakuwaje. Hapo kiburi kinaonekana kwa hesabu tu, bila mhusika yeyote kutoa hotuba.

Hatua ya 5: Uliza nani anapata faida

Watu wasiohisi maumivu ni neema kwa mwenye kiwanda. Mashine yenye joto kali haihitaji kukarabatiwa, kwa sababu hakuna anayelalamika. Mgodi unaweza kuongeza saa za kazi. Hospitali inaacha kununua dawa za ganzi. Bima inadai kila mtu aonyeshe daftari la ukaguzi wa mwili. Na wale wachache ambao bado wanahisi wanapata kazi mpya ya siri: kugusa. Wanakodishwa kuingiza mkono kwenye maji, kushika chuma, kunusa hewa ya shimo kabla wengine hawajashuka. Nimewaita waonjaji.

Umiliki nao una historia yake. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa bakteria aliyebadilishwa maabara. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba jeni ya asili haiwezi kuwekewa hataza, ila DNA fulani zinazotengenezwa maabara zinaweza. Mpe mwanasheria wa hadithi yako nafasi katikati ya hukumu hizo mbili, umwache adai ada kwa kila mtoto anayezaliwa na badiliko la kampuni.

Usijaze dunia yako vitu vingi. Desturi moja iliyofikiriwa vizuri hubeba nchi nzima. Katika mfano wetu ni ukaguzi wa jioni: kila familia hukusanyika chini ya taa kali na kukaguana miili kutafuta majeraha ambayo hakuna aliyeyahisi.

Hatua ya 6: Mkabidhi mjukuu usimulizi

Msimulizi wetu ni Raha, miaka 11. Daktari yule ni bibi yake mzaa mama. Mama yake Raha ndiye mtoto wa kwanza kubadilishwa, yule ambaye picha yake iko kwenye vitabu vya shule. Baba yake ana cheti cha kununua. Kwa hiyo Raha anahisi.

Nimemchagua bibi makusudi. Mapenzi ya bibi na mjukuu yana uhuru ambao wazazi hawana: utani, siri, vitu vya kupewa jikoni mama asipoona. Ukiuweka uamuzi mkubwa kuliko wote wa kisayansi mikononi mwa bibi huyo, msomaji hatapata mahali pa kuiweka hasira yake, na atalazimika kubaki nayo.

Kosa la kawaida hapa ni kumfanya mtoto awe mwasi ifikapo ukurasa wa tano. Raha hajui kwamba anaishi katika distopia. Kwake hii ni dunia tu. Anampenda bibi yake na anajivunia sanamu ya bibi huyo iliyo uwanjani. Atakachokiona kwanza ni kwamba yeye mwenyewe ana hitilafu, na atajitahidi kuificha.

Hatua ya 7: Tafuta maneno yaliyokufa

Hatua hii sijaiona ikipewa uzito inayostahili, nasi tunaoandika kwa Kiswahili tuna bahati nayo. Jiulize: jambo likiondolewa mwilini, ni maneno gani yanaondoka nalo?

Tunasema mgonjwa anaumwa. Katika nchi ya Raha kitenzi hicho kimepoteza mguu. Wanasema mtu "amepungua". Uchungu umebaki kwa ladha ya dawa tu, na mtoto akisoma kwenye kitabu cha zamani kwamba mwanamke alishikwa na uchungu, anadhani alikula shubiri. Tunamwambia aliyefiwa tunajua inavyouma. Watu hawa nao wanafiwa, wanahuzunika, lakini sentensi yenyewe haipo. Pole imebaki kama salamu, na hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Harufu nayo imezikwa: kunukia hakuna, kunuka kumebaki kuwa tusi lisiloeleweka.

Kaa na kamusi saa mbili. Andika maneno 20 yanayohusiana na kitu ulichokiondoa, kisha uamue moja moja: limekufa, limebadili maana, au limegeuka kuwa la siri linalotamkwa na wazee. Hayo matatu manne ya kundi la mwisho ni hazina. Bibi anapoteleza ulimi akalitamka mojawapo, mjukuu anagundua kwamba zamani lilikuwepo jina la kile anachokificha.

Hatua ya 8: Andika sura ya kwanza bila mhadhara

Jaribu la kuanza na maelezo ni kubwa: mwaka fulani wanasayansi waligundua, serikali ikapitisha, watu wakafanya. Yote hayo unayajua, na ni vizuri unayajua. Yaache kwenye daftari. Ingia kwenye chumba kimoja, jioni moja:

"Mama aliwasha taa kubwa, nasi tukavua mashati. Alianza na mtoto wa mama mdogo: vidole, nyayo, ulimi, nyuma ya masikio. Kisiginoni alikuwa na msumari. 'Tangu lini?' Mama aliuliza. Akasema hajui, labda tangu asubuhi. Mama akaung'oa, akaandika kwenye daftari, kisha akaniita. Nilikuwa nimeuficha mkono mgongoni, kwa sababu tangu mchana ulikuwa unafanya kitu ambacho sikukijua jina."

Hakuna neno jeni hapo, na hakuna tarehe. Msomaji ameshajua mengi kuhusu dunia hii, na ana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Katika rasimu ya awali yule mvulana nilimfanya kaka wa Raha wa tumbo moja. Nikarudi kwenye safu ya pili ya karatasi yangu: baba yao ana nakala zote mbili nzima, basi watoto wake wote wangehisi. Nikambadilisha. Utakutana na makosa kama hayo, na msomaji mmoja kati ya kumi atayaona.

Maelezo ya sayansi yakibidi, yatoe kwa vipande, kila kipande kinywani mwa mtu anayekihitaji wakati huo. Mwalimu wa shule anasema toleo lililosafishwa. Mwonjaji anasema toleo la mtaani, nusu lina makosa. Bibi peke yake ndiye anayejua lote, na yeye hasemi.

Hatua ya 9: Usiichome maabara

Mwisho wa moto unavutia, lakini katika hadithi hii haumalizi chochote. Badiliko haliko tena kwenye jengo. Liko kwenye miili ya watu sokoni na shuleni, na litakuwepo kwa watoto wao.

Kilele chetu kiko jikoni. Raha anaunguzwa na mafuta, na safari hii hawezi kujizuia. Analia. Bibi, ambaye hajakisikia kilio cha aina hiyo tangu mwanawe alipokufa, anakitambua. Kwake ni sauti ileile aliyotumia maisha yake yote kuifuta duniani. Sheria inamtaka atoe taarifa. Usimpe hotuba. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono: achukue maji, amshike mjukuu, afunge dirisha ili majirani wasisikie, au aliache wazi. Dirisha hilo ndilo uamuzi wako mkubwa kuliko yote katika kitabu, kwa hiyo andika matoleo yote mawili kabla ya kuchagua.

Hatua ya 10: Watafute wasomaji watatu

Rasimu ya pili ikiwa tayari, mpe mtu aliyesoma biolojia akutafutie makosa ya urithi. Mpe mtu asiyependa hadithi za sayansi, umwombe aweke alama mahali alipochoka. Mara nyingi ndipo ulipoanza kufundisha.

Wa tatu ni mgumu kumpata lakini usimwache: mtu anayeishi na hali ambayo wahusika wako wanaiita tatizo la kuondolewa. Usimwombe akupe baraka. Mwombe akuonyeshe ukurasa ambapo alihisi kwamba hadithi inatamani yeye asingezaliwa, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, ndipo ufungue rasimu upya kuanzia ukurasa huo.